Pweza Kinanitazama

Mwatima binti Faki hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Alikuwa bingwa wa pweza. Kazi yake ilikuwa kupiga mbizi na kukaa chini ya maji akiwatazama wanavyoishi, na siku moja alikutana uso kwa uso na papa mzima mzima, akamwambia tu moyoni, "Pita baba, njia ni yako." Kwa hiyo nikisema nchi ya Ngelini ilimtoa jasho la baridi, mjue sipambi maneno. Alifikaje huko? Msiniulize. Alialikwa, basi. Mwaliko ulitoka Chuo cha Vitu vya Maji, nao ulimtaka bingwa wa nje aje kushuhudia jambo la kitaaluma. Jambo gani, haukusema. Naye kwa kupenda kwake pweza hakuuliza.

Mwenyeji wake alikuwa Profesa Shekue, Mwenyekiti wa Baraza la Ngeli, mzee msafi, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza na fimbo ya mpingo. Alimpitisha sokoni kwanza. Huko Mwatima akasikia mchuuzi akinadi, "Jodari hiki kimenona, mama! Njoo ukione!" Akacheka kichinichini, akadhani masikini ana kasoro ya ulimi. Akapita kwa wa pili: "Changu hiki kimevuliwa leo!" Wa tatu naye: "Pweza hiki bado kinatikisika!" Na wote ni watu wazima, wenye meno yao. Halafu mbuzi mmoja akakatiza katikati ya meza, na soko zima likapiga kelele, "Mwondoeni huyo! Atakula mchicha!"

"Profesa," Mwatima akasema, "mbona mbuzi ni huyu na jodari ni hiki?"

"Mbuzi ana roho, binti yangu. Vya majini ni vitu. Ndiyo sheria yetu ya kwanza hapa, na ndiyo iliyotustaarabisha." Akasimama, akaegemea fimbo, akaeleza kwa raha zake. "Zamani tulisema kama nyinyi. Mtoto anawekewa samaki, anauliza, 'Huyu alikuwa na mama?' Analia mtoto, analia mama yake, wali unapoa. Wavuvi nao wanatupa nyavu roho zikiwasuta. Baraza likakaa, likachunguza, likaona tatizo si nyavu wala si ulaji. Tatizo ni silabi moja. Tukaitoa 'a', tukatia 'ki'. Tangu siku hiyo hajalia mtoto mezani."

"Na samaki je? Wao walionaje?"

"Kitu hakioni, binti yangu."

Mwatima akangoja mzee acheke. Mzee hakucheka.

Wakashuka pwani. Kasa mmoja jike alikuwa amepanda mchangani mchana kweupe kutaga, na kando yake amesimama Afisa wa Mstari, kavaa sare nyeupe, kashika bendera ndogo. Nyuma ya afisa kulikuwa na wanaume wanne wenye mapanga, wametulia kama watu wanaongoja zamu ya kunyolewa. Profesa akaeleza kwamba kasa ana hali mbili kisheria. Akiwa nchi kavu ni mnyama, na mtu akimrushia hata kokoto hufungwa. Akigusa maji ni kitu.

Kasa akamaliza kazi yake. Akafukia mayai, akageuka, akaanza kujikokota kurudi baharini huku machozi yale ya chumvi yakimchuruzika. Afisa akawafukuza watoto waliosogea. "Mpisheni mama wa watu," akasema kwa huruma ya kweli kabisa. "Amechoka huyu. Anakwenda kwake." Mwatima akampenda yule afisa, wallahi. Akataka hata kumpa mkono. Kisha wimbi dogo likapanda, likamlowesha kasa vikono vya mbele, na bendera ikashuka.

"Kimefika," afisa akasema, kwa sauti ile ile.

Mwatima aliwahi kugeuza uso, lakini masikio hayafumbwi. Akatapika pale pale kwenye mchanga, mbele za watu, na Profesa akampa leso ya kujifutia.

"Hukupendezwa?" akauliza, amesikitika hasa. "Sisi tunafuata utaratibu. Nchi nyingine huwaua wangali wanyama."

Hapo ndipo Mwatima alipopata wazo la kurudi kwao. Lakini bandari yote ilikuwa mikononi mwa Baraza, na mgeni rasmi haondoki kabla ya shughuli. Basi akajikaza, akapelekwa Chuoni.

Walimu wa Chuo kile, niwape haki yao, wanajua mambo. Mpe mmoja wao mfupa wa nguru gizani, ataupapasa akutajie umetoka ubavu gani. Shida ni kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona nguru akiogelea. Kupiga mbizi Ngelini ni marufuku, maana mtu akizama huonana na vitu macho kwa macho, akarudi na maneno ya ajabu. Kwa hiyo elimu yote inatoka kwenye chupa za spiriti. Wanafundisha kwamba pweza ana rangi ya kijivu, kwa sababu wa kwenye chupa ni wa kijivu.

"Pweza ana rangi zote," Mwatima akawaambia. "Akipita kwenye mwani ni mwani, akikaa kwenye jiwe ni jiwe, akikasirika anaiva mwekundu. Ana mioyo mitatu, na kila mkono wake unaonja na kuamua mambo yake wenyewe."

Mioyo mitatu waliijua, walishaihesabu. La rangi likawatia kikohozi. Mwalimu mmoja akasema kwa upole, "Bingwa, kubadilika ni tabia. Kitu hakina tabia."

Nusu ya walimu walikuwa wa Kundi la Pua, nusu nyingine wa Kundi la Mkia, na hawa wamenuniana mpaka hawaoani. Ugomvi wao ni pomboo. Pomboo hupumua hewa kama mimi na wewe, hivyo Baraza liliamua kwamba akiibuka kuvuta pumzi ni mnyama, kikizama ni kitu, na kila mtu akubali kugeuza sentensi katikati. Vizuri. Sasa pua ikiwa nje na mkia uko ndani, je? Mwatima aliwakuta wazee wawili wameshikana makoo juu ya hilo. Kuhusu farasi wa bahari hawakugombana, kwani huko dume ndilo hubeba mimba na kuzaa, jambo ambalo wajumbe wote wa Baraza, wanaume watupu, waliliona ni la aibu. Wakapitisha kwamba dume aitwe jike na jike aitwe dume, na aibu ikaisha. Makubwa haya!

Kwenye ukumbi mkuu kulikuwa na pweza mmoja hai, wa pekee anayefugwa nchini, ndani ya tangi la kioo; walimu hawakumhesabu kwenye elimu, maana hayumo chupani. Profesa alipolikaribia aligonga kioo kwa fimbo, ko ko ko, kama alivyozoea. Pweza akapauka papo hapo, akajibana pembeni, na Mwatima akaona mrija wake wa maji ukigeuka taratibu kumfuata mzee kila anakokwenda. Mwatima alikuwa ameishi na pweza miaka. Chuki yao aliijua akiiona.

Chakula cha mchana kilikuwa nyumbani kwa Profesa. Mezani palikuwa na wali wa nazi, mchuzi wa kuku, kachumbari, na mwanamke wa makamo aliyekaa kimya kwenye kiti cha pembeni, hana sahani. Nguo yake safi, nywele zimesukwa. Mwatima akamwamkia, "Shikamoo mama." Yule mama akainua macho haraka, midomo ikamtetemeka.

"Usisumbuke nacho," Profesa akasema akipakua. "Hicho kilikuwa mke wangu."

Kijiko kilimwanguka Mwatima. Alidhani amesikia vibaya, akamtazama mzee, akamtazama mama, akarudi kwa mzee. "Alikuwa? Si huyu hapa amekaa?"

"Kimekaa," Profesa akamsahihisha. Na hadithi akaitoa huku anatafuna. Bi Saada, maana ndilo lilikuwa jina, alikuwa bingwa wa pweza wa Ngelini. Siku moja, ukumbini, mbele ya Baraza zima, akasimama akasema, "Pweza ananijua." Wakamwomba aseme kinanijua. Akasema ananijua. Sheria iko wazi: anayetia kitu katika ngeli ya watu, naye hutolewa humo. Basi akawa kitu. Hapigwi. Hatukanwi. Husafishwa na kuwekwa mahali pazuri. Ila hakuna anayekijibu kitu, wala anayekiuliza kama kimekula.

"Na kesho," Profesa akaendelea, na kwa mara ya kwanza sauti ikamkwama kidogo, "Baraza litakifungua. Kuna kiungo ndani kinachosababisha ugonjwa huu wa kusema 'a'. Tukikipata tutawatibu wengi. Kisu hakiinuliwi bila shahidi mwenye elimu ya pweza, na humu nchini hatuna. Yeye ndiye..." Akajing'ata ulimi, akanywa maji. "Hicho ndicho kilichokuwa bingwa wetu. Kwa hiyo tumekuita wewe. Utasema tu kwamba pweza ni kitu, basi."

"Mnataka kumpasua mtu?" Mwatima alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi. "Mke wako? Mzee, una akili timamu?"

"Mtu hapasuliwi hapa, binti yangu. Astaghfirullahi! Hilo ni kosa kubwa."

"Na nikikataa kusema?"

"Shahidi akinyamaza, kimya chake ni ndiyo. Akisema hapana, anaulizwa tena mpaka achoke." Akafuta mikono, akaomba radhi, akaenda kujinyoosha kidogo maana jua lilikuwa kali.

Mwatima alichukua sahani yake, akaipeleka kwenye kile kiti cha pembeni, na Bi Saada akala kwa mkono, haraka haraka, bila kuinua uso. Kisha akasema kwa sauti iliyokwaruza kwa kutotumika.

"Hujambo, mwanangu. Pweza hajambo?"

"Hajambo, mama. Mama, mbona usiseme hilo neno? Ki! Basi! Sema, urudi zako kwa watu, umtukane baadaye."

"Unadhani sikujaribu? Nilikwenda peke yangu mbele ya tangi nilifanyie mazoezi. Naye akaniona, akaja mbio, akabandika mkono kwenye kioo hapa kilipo kiganja changu. Sasa utasemaje ki hapo, mwanangu? Wewe ungesema?"

Mwatima akamshika mkono. Akamwambia ana wazo moja, na kama lina heri litafaa. Bi Saada akatikisa kichwa. Wajumbe wa Baraza, akasema, aliwafundisha wengi wao yeye mwenyewe, na anawajua hawageuki.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Wajumbe walivaa majoho meusi yanayofanana, kila mmoja na kofia yake, usingewatofautisha. Katikati palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa shuka, kando yake sanduku la kisu, na Bi Saada amewekwa kwenye benchi. Makamu Mwenyekiti, Bwana Ngwali, mtu mnene wa kuhema, akasoma sheria. Profesa Shekue akakaa kitini pake, mikono miwili juu ya fimbo, bila kumtazama mkewe.

"Shahidi," Bwana Ngwali akasema, "pweza ni kitu?"

"Kabla sijajibu naomba tangi liletwe, na wajumbe wapite mbele yake mmoja mmoja. Huo ndio utafiti kwetu."

Wakanong'onezana. Neno utafiti waliliheshimu, wakakubali. Tangi likasukumwa katikati, mfuniko ukaondolewa. Bwana Ngwali akapita wa kwanza. Pweza akamtazama, akaendelea na mambo yake. Karani akapita, pweza akanyoosha mkono mmoja kuonja ukingo wa kioo, akaurudisha. Wakapita wajumbe sita, saba, majoho yale yale, kofia zile zile. Ukumbi ukaanza kuchoka.

"Na Mwenyekiti tafadhali," akasema.

Profesa akanyanyuka, akaja. Hakugonga kioo, hata fimbo aliiacha kitini. Lakini pweza akaiva mwekundu kama pilipili, akapanda juu ya maji, akalenga, na akampiga mzee shwaa! usoni, kofia ikaruka, maji yakamtiririka kifuani mpaka viatuni.

"Ala!" Profesa akapiga ukelele. "Amenirushia! Huyu mshenzi amenirushia mimi! Ananijua huyu!"

Ukasikia maji yakidondoka kutoka ndevuni mwake. Mzee mwenyewe akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini lilishatoka, na ukumbi mzima ulilisikia.

Mwatima akaruka kwa furaha. "Mmesikia? Mwenyekiti wenu kasema! Ananijua, kasema, kwa kinywa chake! Haya, mwachieni mama wa watu aende zake!"

Hakuna aliyemtazama. Wote walikuwa wanamtazama Bwana Ngwali, na Bwana Ngwali alikuwa anatazama mahali Profesa aliposimama, uso wake ukibadilika polepole kama wa mtu aliyeona kabati mahali pasipostahili.

"Nani ameacha hiki hapa katikati?" akauliza.

"Ngwali," Profesa akasema, "Ngwali, ndugu yangu, ni ulimi tu uliteleza."

"Kinatoa sauti," Bwana Ngwali akamwambia karani. Akakohoa, akawageukia wajumbe. "Waheshimiwa, ajenda yetu ni kufungua kitu chenye ugonjwa wa 'a'. Kile cha benchini ni cha zamani, kimenyauka. Hiki kimeshikwa na ugonjwa sasa hivi, mbele ya macho yetu. Kiungo kitakuwa bado kimevimba. Naona kifunguliwe hiki."

"Naam, naam," wajumbe wakasema, na watu wawili wakamshika Profesa makwapani, wakamlaza mezani kwa uangalifu mkubwa, wasichafue shuka. Mzee aliita majina yao mmoja mmoja. Walikuwa rafiki zake wa kahawa. Hakuna aliyegeuza hata shingo.

Na Mwatima? Nitasema ukweli, ingawa yeye mwenyewe haupendi. Alishusha pumzi ndefu. Bi Saada amepona! Akakumbuka yule kasa, akakumbuka kiti cha pembeni kisicho na sahani, damu ikamchemka, na neno likamtoka bila kubisha hodi.

"Afadhali! Kifungueni hicho! Kimezidi!"

Alilisikia likirudi kwenye kuta. Hakuna aliyemfundisha, hakuna aliyemlazimisha, na silabi ile ilikuwa imetoka laini kabisa, na tamu. Akashika ukingo wa tangi.

Bi Saada alikuwa ameinuka benchini. Alikwenda mpaka mezani, akasimama kwenye kichwa cha mumewe, akamfuta maji usoni kwa upindo wa khanga yake. "Anaogopa," akasema. "Jamani, hamuoni anaogopa? Anatetemeka mpaka miguu. Shekue, nipo hapa." Akawatazama wajumbe, wanafunzi wake wa zamani. "Mwacheni." Sauti yake ilifika kila pembe, lakini wajumbe walikuwa wanasogeza viti ili waone vizuri. Kitu kilikuwa kinatoa sauti karibu na kitu kingine.

Kisha akamgeukia Mwatima. Hakukasirika. Alimtazama tu, na Mwatima akaelewa kwamba ukumbini mle mdomo unaosikika ni wake peke yake.

"Shahidi," Bwana Ngwali akasema, kisu kikiwa mkononi. "Umeshatuonyesha utafiti mzuri. Sasa tujibu tumalize. Pweza ni kitu?"

Mwatima alifikiria bandari. Alifikiria kwao, mama yake, vitabu vyake, watu wanaomwita kwa jina wanapomwona barabarani. Ndani ya tangi pweza alikuwa amepauka tena, amejikunja, jicho lake moja limeganda kwenye kile kisu.

"Wanaogopa," Mwatima akasema. "Wote watatu. Profesa anaogopa, mama anaogopa, na pweza huyu anaogopa. Na mimi pia naogopa, lakini nawaambia ninyi, pweza si kitu. Hakuna kitu humu ndani ya ukumbi huu isipokuwa meza na hicho kisu."

Kalamu ya karani ikasimama hewani. Bwana Ngwali alingoja kidogo, kwa heshima, kama anayengoja mtu aanze kuzungumza. Akakunja uso.

"Shahidi yuko wapi?"

Karani akatazama kulia, akatazama kushoto, akamtazama Mwatima usoni kabisa, macho yakapita. "Hayupo, Mheshimiwa."

"Si alikuwa hapa sasa hivi?"

"Alikuwapo."

"Basi kisu hakiinuliwi bila shahidi," Bwana Ngwali akasema kwa uchungu, maana alipenda utaratibu kuliko alivyopenda kisu. Akakifuta, akakirudisha sandukuni. Akatangaza kwamba kikao kimeahirishwa mpaka apatikane bingwa mwingine wa pweza, na kwa kuwa hakujua yuko nchi gani, hakutaja siku. Wajumbe wakaanza kuondoka wakizungumza habari za chakula. Bi Saada alikuwa anamsaidia mumewe kuketi. Mzee alilia waziwazi, kichwa kifuani kwa mkewe, na hapakuwa na wa kumwambia anyamaze.

Mwatima akaukimbilia mlango. "Ndugu zangu!" akasema. "Samahani, nisikilizeni! Mimi ni Mwatima, mgeni wenu!" Wakampita kulia, wakampita kushoto, kwa adabu, bila kumgusa. Mjumbe wa mwisho akasimama mbele yake, akavua joho, akatafuta pa kulitundika. Akalitundika begani kwake, akalinyoosha vizuri lisikunjike, akatoka.